Uzi Mweusi wa Kusukia

Mshauri ninayemwona hapa mjini amenipa kipande cha uzi mweusi, niuzungushe kidoleni kila mkono unapopanda kichwani kung'oa nywele. Ni uzi ule ule wa kusukia. Nilipouvuta nikajikuta tena katikati ya magoti ya jirani yetu, mjane aliyekuwa akinisuka kila Jumamosi, harufu ya molasi ikitujia kutoka kiwanda cha sukari.

Yeye ndiye aliyekiona kipara changu nyuma ya sikio. Hakunikemea. Alivuta nywele zilizobaki zikakifunika, akasema polepole, "Mama, siku ukitaka kuniambia, niko hapa."

Kisha siku moja kukhu, nyanya yangu, akanifumua nywele, akakiona kipara.

"Nani anakusukanga?"

Nikamtaja. Kwetu nywele hazitupwi ovyo, mchawi asije akaziokota. Nyanya akanishika mkono hadi kwa mjane, akapaza sauti majirani wote wasikie: "Nywele za mtoto wangu unapelekanga wapi?"

Zilikuwa chini ya godoro langu, nimezifinyanga vidonge vidonge. Mjane alinitazama mimi, akangoja. Nikainama, nikawa nachimba udongo kwa kidole cha mguu.

Hakuna aliyempelekea mtoto tena. Kabla mahindi hayajakomaa, alikuwa amerudi kwa ndugu zake.

Mshauri husema dawa ya jambo hili ni kuzungumza, na mimi humweleza mengi. Leo ameniuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kugundua. Nikauzungusha uzi mpaka kidole kikauma.

"Hakuna," nikasema.