Ishmaeli Makaburini

Jina la Ishmaeli alilitoa mama yangu, na hakulitoa kwa mapenzi. Mtumishi wetu wa ndani alikuwa amezaa na baba. Mama akafungua Biblia, akachagua jina la mtoto wa Hajiri, mjakazi aliyefukuzwa jangwani na mwanawe, ili kila asomaye aelewe. Kisha na hawa wakafukuzwa. Baba akawatafutia chumba Kizimbani, karibu na shamba la karafuu.

Huko jina likawa heshima. Majirani Waislamu walimwita Ismaili, kama nabii. Kwetu, mtaa wa Mpendae, lilitajwa kwa kunong'ona. Padri mmoja aliniambia kuwa kwa Kiebrania maana yake ni "Mungu husikia", kwa kuwa kilio cha Hajiri kilifika. Nilimweleza mama.

"Basi na anisikie na mimi," akasema.

Nimehamahama sana bara, lakini mwaka jana nilirudi kumzika baba. Ishmaeli naye alikuja, akamwamkia mama.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikutoka.

Kwetu, jeneza likishashushwa, watu huitwa kwa makundi kutia udongo: mjane, watoto, ndugu, majirani. Anayeitwa pamoja na watoto ametambuliwa mbele ya wote. Ishmaeli alitaka hilo tu.

"Mama, aitwe pamoja nasi," nilimnong'oneza.

"Watoto wangu nawajua."

"Wanaitwa watoto wa marehemu, mama."

"Nshasema. Usinitie aibu mbele ya watu."

Mzee wa kanisa akaita watoto kwa majina, la Ishmaeli halimo. Nilimgeukia Ishmaeli, nikampungia mkono aje. Akatikisa kichwa, alitaka kuitwa. Wakaitwa ndugu, wakaitwa majirani, hata mafundi wa karakana ya baba. Yeye alisimama vilevile, udongo ameushika mkononi.

Kufukia hakuna anayeitwa. Vijana waliposhika machepe, Ishmaeli akavua shati, akachukua moja. Wenzake walipokezana, yeye hakumpa mtu. Alifukia mpaka tuta likainuka, akalisawazisha pembeni polepole kwa viganja.

Nyumbani mama aliniita jikoni.

"Yule kibarua mpe chakula, ale aende. Kafanya kazi."

Nikampelekea sahani nje, penye turubai. Akala wali wote, amesimama, udongo wa kaburi ungali kwenye kucha. Akanirudishia sahani, akaniuliza gari la Kizimbani linapita wapi.