Mlango wa Kushoto wa Kipanya cha Baba

Baba alipopunguzwa kazini, wenzake walinunua mashine za kusaga, wengine ng'ombe, na mmoja alioa mke wa pili. Baba alinunua kipanya. Ndivyo tulivyoyaita yale magari madogo ya abiria yaliyokuwa yameanza kuingia nchini yakiwa yameshatumika Japani, baada ya serikali kulegeza masharti na mtu yeyote kuruhusiwa kuagiza kitu chochote. La baba lilifika Mwanza na vumbi la mikoa mitatu na harufu ya watu tusiowajua. Mama alilizunguka mara moja, akasema, "Limechoka kama mimi," akarudi jikoni.

Halikuwa gari baya. Redio yake ilishika mikwaruzo tu, kwa kuwa namba zake zilikuwa za kwao. Ukirudi nyuma, sauti ya mwanamke ilisema jambo kwa Kijapani, kwa upole, tena na tena, mpaka bibi akauliza huyo binti aliyefungiwa humo anakula saa ngapi. Kiti cha mbele kilikaa juu ya injini, na aliyekikalia safari ndefu alishuka ameiva. Kilichokuwa kibaya ni mlango wa kushoto, ule wa kusukumwa pembeni. Ulikuwa unafunguka wenyewe. Si kila siku, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, maana ungefunguka kila siku tungeufunga kwa kamba tukajua moja.

Mara ya kwanza kuuona ukifunguka ilikuwa karibu na Kisesa, tukitoka kwa bibi na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa. Kwenye kona mlango ukateleza taratibu, na gunia likashuka bila kuaga. Baba alisimama, akalirudisha, akaufunga mlango kwa goti.

"Hukuufunga vizuri," akaniambia.

"Niliufunga kwa mikono miwili, baba."

"Basi mmoja hukuutumia."

Ungemwelewa kama ungewaona Jumamosi. Wenye magari ya aina ile, watatu pamoja na baba, walikutana ufukweni kuyaosha. Walikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: gari la mwenzako lina kasoro, lako halina. Mtu akikiri kwamba lake ni bovu, amekiri kwamba alidanganywa, na mwanamume wa pale afadhali asukume gari kutoka Kisesa mpaka mjini huku akisema anafanya mazoezi. Kwa hiyo wote watatu walisugua magari yao wakiyasifu, na nilipotazama vizuri niliona kila mlango wa kushoto una kipande cha kamba ya katani, kimefichwa chini ya kiti.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Kwenye kisanduku cha mbele cha gari baba alikuta karatasi ya Kijapani yenye mhuri mwekundu. Akanipa nisome. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mama mmoja wa Kijapani aliyekuja kujitolea, na baba aliamini kwamba ukifundishwa hesabu na Mjapani, Kijapani kinaingia chenyewe. Nami hata hesabu zilikuwa haziingii. Lakini mtu akikupa jukwaa utafanyaje? Nikakunja uso, nikafuata mistari kwa kidole kutoka juu kwenda chini.

"Inasema gari hili limekaguliwa na fundi mkuu wa mfalme wao," nikasema. "Na atakayelipanda asiwe na wasiwasi."

"Mfalme?"

"Mhuri wake ndio huo."

Nilikusudia kumwambia kabla ya chakula cha jioni. Ila baba aliibandika kwenye kioo cha mbele kwa gundi, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu aache kwenda kazini. Nikaiacha.

Karatasi ile ikafanya kazi kuliko mimi. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea ya pale Mabatini alikuwa anatafuta gari la kubeba watoto asubuhi na mchana. Alipoliona la baba na mhuri wake kiooni, akalichagua. Waanze Jumatatu. Mama alipika pilau siku ya kawaida. Mdogo wangu, mwenye miaka mitano, akatangaza kwamba yeye atakaa mlangoni, kwa sababu baba yake ndiye mwenye gari.

Hapo nikarudisha tonge sahanini. Nililiona lile gunia likishuka.

Alhamisi baba alikuja kunichukua shuleni na tukamkuta mwalimu wangu wa hisabati akitembea pembeni mwa barabara. Baba akasimamisha gari.

"Mwalimu, karibu. Hili ni la kwenu."

Mwalimu alicheka, akapanda mbele, akakaa juu ya joto. Kisha akaisoma karatasi kwa mgongo, maana maandishi yalitazama nje na jua lilikuwa linayapenya. Akaacha kucheka.

"Mzee, samahani," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mlango huu wa kushoto umewahi kufunguka wenyewe?"

"Kabisa," baba akasema. "Yaani, kabisa haujawahi."

"Barua hii inatoka kwa waliotengeneza gari. Inamwambia mwenye gari alirudishe gereji. Kitasa cha mlango ni kibovu. Magari yote ya aina hii. Watabadilisha bure."

"Gereji ipi?"

"Japani."

Baba akabadilisha gia. "Kwa hiyo haisemi limekaguliwa na mfalme."

Mwalimu aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimejikunja kiti cha mwisho kabisa, nikijaribu kufanana na tairi la akiba.

Tulimshusha kwake. Nilingoja kipigo, hakikuja. Baba alisema tu, "Ulinipa uongo mzuri. Nami niliupenda, kwa sababu mlango niliujua." Nimewahi kuchapwa mara nyingi, na nakuhakikishia fimbo ina nafuu.

Nyumbani alimsimulia mama yote, kisha akachukua wembe akaanza kuikwangua karatasi.

"Unaitoa ili uwaambie wa shule, au ili wasiione?" mama akauliza akiwa mlangoni.

"Tukiwaambia, kazi imekwenda. Nitakaa tu hapa nyumbani mniangalie."

"Tutakuangalia. Si wewe ni mzuri?"

Baba hakutaka kucheka. Nikaona ni zamu yangu. "Baba, Jumatatu mlangoni atakaa nani?" Akaacha kukwangua. Mdogo wangu alikuwa uani, anaendesha ndoo.

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda wote wawili kwa mwalimu mkuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, baba akanisukuma mbele. Nikaeleza yote: mfalme, mhuri, mpaka gunia. Baba akamalizia, "Gari langu ni bovu, mama. Mlango." Alilisema kwa taabu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mwalimu mkuu alifunga daftari lake. Halafu akasema, "Wenye magari wenzako wawili walikuja hapa. Niliwauliza kila mmoja gari lake lina shida gani, wakaniambia halina hata moja. Hakuna gari la namna hiyo duniani." Akamtazama baba. "Tengeneza. Jumatatu nitakaa mlangoni mimi mwenyewe. Ukifunguka, tunaanguka na mkataba wako."

Alikuwa mama mwenye mwili wa kutosha. Niliona baba akilipima jambo hilo.

Fundi wa Mabatini aliufungua mlango mbele yetu akatuonyesha: kijino cha kitasa kilikuwa chembamba, kimelika. Cha dukani hakikuwepo. Akachonga kingine kwa chuma cha spring ya lori, kikubwa mara mbili, na juu yake akaweka komeo la nje kama la geti, mtu wa ndani asilifikie. Alitumia siku nzima, na nilimshikia mlango mpaka mikono ikafa ganzi. Baba alisema hiyo ndiyo tafsiri yangu ya pili.

Jumamosi hatukuosha gari. Tulipakia magunia sita ya mchanga, tukayaegemeza yote mlangoni, tukaenda nalo mpaka Kisesa kwa barabara yake ya wakati ule, kwenye mashimo ambayo bata waliyafanya makazi. Baba aliyafuata mashimo makusudi. Mimi nilikaa kinyumenyume nikitazama mlango. Ulilia, ukatetemeka, ukabaki. Tulirudi kupitia ufukweni, na baba akasimama palipokuwa na wenzake wawili na ndoo zao.

"Gari langu lilikuwa na mlango mbovu," akasema.

Wakatazamana. Mmoja akaendelea kusugua tairi ambalo lilikuwa limeshang'aa.

"Mlango gani?" akauliza yule mwingine, taratibu.

"Wa kushoto."

Ndoo ikawekwa chini. Kufika jioni magari yao yote mawili yalikuwa yamepanga foleni kwa fundi.

Jumatatu watoto walipanda wakigombania viti. Mdogo wangu alipelekwa katikati, akanuna. Mwalimu mkuu alipanda wa mwisho, akaegemeza bega lake lote mlangoni, akashika chuma cha kiti kwa mkono mmoja. Nje baba alipiga komeo, akaja mbele, akaondoa gari polepole kuliko maandamano ya kanisa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya baba, maana nilipewa lifti ya shule, na macho yangu hayakutoka kwenye lile bega.

Shimo la kwanza, vidole vya mwalimu mkuu vilibana chuma. La pili, vivyo hivyo. Tulipopita la nne niliona mkono umelegea ukashuka mapajani, na tulipoanza kupanda mlima alikuwa anakoroma, shavu lake limelala kwenye kioo cha mlango.

Baba alimwona kwenye kioo cha juu. Akawaashiria watoto wanyamaze, wakanyamaza, akaongeza mwendo kidogo.