Baba Alichagua Saluni

Gari lilikuwa moja, miili miwili. Uso uleule, taa zilezile, injini ileile. Ukilitazama kwa mbele hungejua ni saluni au ni stesheni wagoni. Tofauti ilianzia nyuma ya dereva. Saluni ilikuwa na kiti cha nyuma kisichokunjika, ukuta wa bati, halafu buti. Kwenye stesheni ulikunja kiti, ukafungua mlango wa nyuma, ukapata sakafu ambapo mtu mzima angelala akanyoosha miguu. Kwa tofauti hiyo tu, baba na mdogo wake walitoana damu kwenye yadi ya magari ya mitumba Dar es Salaam, mbele ya muuzaji aliyekuwa amewanunulia soda.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mwenye mahindi alimuuzia amtakaye, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kupanda mpaka kwetu Sumbawanga. Ndugu hao wawili waliuza mahindi yao na maksai wao ili wapate gari moja la wote. Baba mdogo alitaka stesheni, ibebe maharage kwenda mnadani na kurudi na dagaa. Baba alisema stesheni ni gari la misiba.

"Jirani akifiwa anakuja mlangoni, na mfiwa hanyimwi," alisema. "Kila maiti wa Pito na Kasense atalala ndani ya gari langu."

"Kaka, tunanunua gari la kubebea au la kupigia picha?"

Baba alimjibu kwa ngumi, na jino la mbele likatoka. Mimi sikuwapo, lakini pengo nimeliona miaka yote. Wakarudi na saluni nyeupe.

Nililichukia gari lile. Baba alilipangusa kwa flana kila asubuhi huku sisi tukienda shule na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Baba mdogo naye, baba akigeuka tu, alishindilia magunia kwenye kiti cha nyuma na kulifunga buti kwa mpira. Siku moja springi ilikatika, na baba akamchapa kwa mjeledi wa maksai mpaka shati likapasuka mgongoni. Kesho yake baba mdogo akampasua baba kichwa kwa jiwe. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mama yangu aliwatii neno kwa neno: wakianza tu, yeye huyo, shambani.

Bibi, mama yao, alikuwa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa shangazi, dada yao, alipozidiwa. Alituma neno moja tu: anataka kuzikwa kijijini kwetu Pito, ubavuni kwa mume wake, na alazwe vizuri. Tulikwenda kumchukua, baba akiendesha, baba mdogo nyuma, na mimi mbele kwa sababu bibi alikuwa mtani wangu. Mimi na yeye tuliitana mke mwenzangu.

Tulimkuta bado anahema. Jua halijapanda sana, akakata roho mikononi mwa shangazi.

Hapo ndipo saluni ilipotuumbua. Baba mdogo alimpima marehemu kwa kamba, akaipima kamba kwenye gari. Kiti kilikuwa kifupi, na buti lilizibwa na ule ukuta wa bati. Aliingia jikoni kwa shangazi akatoka na shoka, akaanza kuukata ukuta. Baba alimrukia akamkaba koo. Waliviringika mchangani kati ya vichanja vya dagaa, baba akampiga jicho mpaka likafumba, baba mdogo akamng'ata sikio, nasi tukipiga mayowe yasiyokuwa ya msiba.

Shangazi aliwatenganisha kwa mchi wa kinu. Hakuchagua pa kupiga.

"Mama yenu yuko ndani hata hajafunikwa!" alisema. "Mnagombea bati?"

Baba mdogo alisema tungoje lori la dagaa kesho. Baba akasema mama yake halali juu ya magunia ya samaki. "Atakaa," alisema. "Bado ana joto. Atakaa kama abiria."

Wakamkalisha, wakamfunga kwa kanga kwenye kiti, katikati ya shangazi na baba mdogo. Barabara ya kupanda Ufipa ilikuwa mashimo matupu. Kila shimo kanga zililegea, na bibi akamponyoka baba mdogo, kichwa kikagonga ubavu wa kiti changu. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Baba, mke mwenzangu anaumia."

Akanizaba kofi bila kuachia usukani. Mtani hapigwi msibani, hata watoto wanajua hivyo. Nilimchukia baba siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na sioni haya kusema.

Tulifika Pito alasiri. Habari ilikuwa imetutangulia, na jeneza lilikuwa tayari, jipya, limenyooka. Walipofungua mlango wa gari na kumtoa bibi, alitoka vilevile alivyokalishwa: magoti mbele, kiuno kimekunjika, mikono mapajani. Wakamlaza mkekani chumbani, magoti yakabaki juu. Wanawake waliokuja kumwosha walirudi nyuma. Mmoja wao akasema kwa upole kwamba hataingia kwenye sanduku namna hiyo, labda anyooshwe kwa nguvu.

"Tokeni wote," baba alisema.

Tulitoka, akafunga mlango. Uani hapakuwa na anayelia tena. Watu wote walikuwa wanausikiliza ukuta. Tukasikia mlio mmoja, kama wa ukuni mkavu unaovunjika, kisha sauti ya baba akimwita mama yake kwa Kifipa, akimwomba radhi. Mlio wa pili haukuja. Goti la pili lilikuwa limemshinda.

Baba mdogo aliinuka, jicho lake limeziba kabisa. Aliingia, akaurudisha mlango nyuma yake.

Mlio wa pili ulipokuja, waliolia ndani walikuwa wawili.