Jembe Lisiloshika Kutu

Geti langu hapa Mafiga likilowa mvua, harufu ya kutu hunirudisha Matombo, kwa bibi. Alikuwa na jembe jeusi ambalo mababu walilifua kwa chuma walichoyeyusha wenyewe kutoka mawe ya mlimani, na halikuwahi kushika kutu. Hata mwalimu wetu hakujua waliwezaje. Lilitolewa ndani siku za tambiko tu.

Siku moja mjomba alilipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, akarudi na beseni la plastiki.

"Mama, hili halishiki kutu," alimwambia bibi.

Mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Masika hayajaisha, beseni likapasuka. Bibi alilishona kwa uzi, nami nikimshikia ufa usizidi kufunguka.