Mama Viti na kiti alichokisahau

Saa moja asubuhi, Jumamosi, siku ya mwisho ya Wiki ya Sanaa na Mihadhara. Ukumbi mkubwa wa chuo kikuu ni mtupu na unanukia sabuni ya sakafu. Katikati amesimama mama mmoja mwenye sare ya kijivu, kiti mkononi, hajui akiweke wapi.

Ameshapanga ishirini. Anavitazama, anatikisa kichwa, anaondoa vitano. Anarudi nyuma hatua chache, anavitazama tena, anaondoa vingine vitatu.

"Mwaka wa kumi na tisa huu napanga viti," anasema bila kugeuka. "Sijawahi kubabaika namna hii."

Ana sababu. Saa kumi jioni, atakayesimama mbele ya viti hivyo ni yeye mwenyewe.

Jina lake halisi wanalijua watu wa ofisi ya mishahara tu. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mkuu wa chuo, humwita Mama Viti. Ana miaka hamsini na mbili na goti la kulia linalomsumbua akipanda ngazi. Kwa miaka kumi na moja ya mwanzo alikuwa kibarua, analipwa siku ukumbi unapofunguliwa tu, na wakati wa likizo za chuo alifua nguo za watu ili watoto wake watatu wale.

Ukumbi una viti mia tatu na ishirini, vya chuma, vyenye matakia ya bluu. Waandaaji wa shughuli huagiza vyote vitolewe. Mama Viti hawasikilizi. Hutoa vichache kuliko watu anaowatarajia, na vilivyobaki huviweka nyuma ya pazia jeusi, vimepandanishwa kumi kumi. Watu wakizidi, huingia navyo viwili kila mkono, na hakuna anayegeuza shingo, kwa sababu miguu ya kila kiti ameivisha vipande vya ndala kuukuu. Ndala hizo na gundi yake hutoka kwa mume wake, ambaye ni fundi viatu.

"Watu arobaini kwenye viti arobaini ni sherehe," anaeleza. "Arobaini hao hao kwenye viti mia tatu ni msiba."

Hilo alijifunza kwa uchungu. Mwaka wake wa pili kazini, mzee mmoja aliyekuwa amestaafu ualimu wa chuo alikuja kusoma mashairi yake. Mama Viti aliagizwa atoe viti vyote, naye akavitoa. Wakaja watu ishirini na wawili, wakajibanza mistari ya nyuma. Mzee alisoma kwa dakika kumi, akakunja karatasi zake, akashukuru, akatoka.

"Watu walisema mzee kaishiwa. Si kweli. Mimi ndiye niliyemwaibisha, kwa viti vyangu. Ile sura yake sijaisahau mpaka leo."

Tangu hapo hukadiria mwenyewe. Hutazama mada, hutazama mawingu, huuliza kama kuna chai na kama kesho yake kuna mtihani. Anazo na kanuni zake nyingine, ambazo huzitoa huku akicheka chini chini: "Msomi mwenye vyeo virefu huja na mkewe na dereva. Mwanafunzi anayesoma mashairi yake kwa mara ya kwanza huja na bweni zima."

Fundi wa sauti, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mitano, anamkubali. "Wiki hii nzima amekosea hesabu kwa watu watatu tu," anasema. "Mashine zangu hukosea zaidi yake."

Mwandaaji wa wiki hii, mhadhiri kijana wa sanaa za maonyesho, ndiye aliyemwingiza kwenye ratiba. "Kila mwaka tunaleta watu kutoka mbali waje kutufundisha juu ya hadhira," anasema. "Anayeijua hadhira yetu anashinda nyuma ya pazia. Nikaona tunajidanganya."

Mama Viti alikataa mara mbili. Mara ya tatu mumewe aliingilia kati. "Miaka yote hii ananipa mihadhara jikoni bure," anasema fundi viatu huyo, uso mkavu kabisa. "Nikamwambia, mke wangu, nenda kawape na wenzangu, masikio yangu nayo yapumzike."

Akakubali, lakini hofu haikumtoka. Asubuhi hii anaisema waziwazi: "Naogopa kuwa yule mzee."

Mwishowe anaacha viti kumi na viwili.

Saa kumi kasoro dakika kumi, vyote vilikuwa vimekaliwa. Walikuja wafagizi, wapishi wa kantini, mlinzi wa geti aliyeomba ruhusa ya nusu saa, na fundi viatu ndani ya shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Kisha wakaingia wanafunzi, wakazidi kuingia, wakajipanga ukutani.

Mama Viti alitokea nyuma ya pazia na karatasi yake. Alipofika mbele alisita. Hapakuwa na kiti cha msemaji.

"Wasemaji wote nimewawekea kiti," alisema, kama anayejisemea. "Huyu wa leo nimemsahau."

Watu walicheka, naye akacheka. Mumewe aliinuka kumpa chake, lakini Mama Viti akamwashiria aketi tu. Akaanza kusoma. Alisoma mistari mitatu, lakini macho yake yalikuwa ukutani, kwa waliosimama. Akaikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka.

Mhadhiri kijana alimtazama fundi wa sauti. Mwandishi wa makala haya alimkumbuka yule mzee wa mashairi.

Pazia likafunguka. Mama Viti aliingia na viti vinne, viwili kila mkono, akaviweka, akarudi. Vijana wawili waliondoka ukutani wamsaidie.

"Tulieni hapo hapo," aliwaambia. "Mmekuja kusikiliza kazi yangu. Basi sikilizeni."

Wakasikiliza. Hapakusikika kitu. Alikwenda na kurudi mara tisa, goti likimchechemesha, na hakuna mguu hata mmoja wa kiti uliokwaruza sakafu. Viti vilifika arobaini na vinane, na hakuna aliyebaki amesimama isipokuwa yeye.

Hapo ndipo alipoanza kuzungumza, bila karatasi, kwa zaidi ya nusu saa. Alisimulia habari za yule mzee, za mawingu na chai na ndala. Alipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi, na mumewe alitoa kitambaa akafuta uso wote, si macho tu.

Wengine walipotoka, Mama Viti alikuwa ameshaanza kupandanisha viti. Alipoulizwa anatamani nini sasa, alijibu huku akiendelea.

"Miaka kumi na tisa nimesikia mihadhara yote ya hapa nikiwa nimesimama, sikio moja kwa msemaji, jingine mlangoni. Hakuna hata mmoja ninaoujua mwisho wake." Mwakani, anasema, atawafundisha wafagizi wawili kazi ya nyuma ya pazia, achague mhadhara mmoja, aketi ausikilize wote.

Mhadhiri kijana aliyekuwa akipita aliusikia mpango huo, akamtania: mwakani siku ya ufunguzi watoe viti vingapi?

"Mada yenyewe sijaijua bado," alijibu, akikiinua kiti cha mwisho. "Lakini changu ndicho kitakachotangulia kutolewa. Mstari wa pili, karibu na njia."