Mzani wa Ndengu Kwa Vonza

Ni mwaka ule tulipika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, bila maharagwe, kwa sababu maharagwe yalikauka yakiwa bado maua. Tulitia mbaazi, na mbaazi zilipoisha tukatia chumvi tukashukuru. Ndio mwaka kijana wangu wa mwisho alikuja nyumbani na gari lenye nyumba ndani: kitanda, jiko la gesi, na tangi la maji lililoshinda la kanisa letu. Alikuwa anapeleka mke wake na mtoto wao wa miaka mitano Mombasa, walale humo humo njiani. Nafasi ilibaki ya mtu mmoja, nyanya mmoja.

Nilijua ni yangu. Dereva nilimzaa mimi.

Lakini gari lilikuwa limepitia Mbooni kwanza, na dirishani alikuwa ameketi mama ya mke wake, amevaa kofia. Kwao milimani mvua haiwasahau. Alikuja na magunia mawili ya avokado, mkungu wa ndizi na miwa. Mimi nilikuwa na kuku mmoja na ndengu za kujaza bakuli. Mtoto akaniita susu, vile sisi Wakamba tunavyoita nyanya, halafu akamgeukia yule akamwita susu pia, kwa sauti ile ile, bila kupunguza hata kidogo. Iliniuma kama jino. Mtoto huyo nimemwosha mimi akiwa na siku tatu.

Nikalizunguka gari. Magunia yalikuwa nyuma kabisa, chini ya kitanda, mbali na tairi. Miwa na ndizi zilikuwa upande mmoja na tangi, nalo tangi limejaa. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini punda nimempakia maji ya mtoni tangu niolewe. Ukimwekea mzigo matakoni, kifua kinainuka na miguu ya mbele haishiki njia. Ukimlemea upande mmoja, kwenye kona anaanguka nao. Gari lilikaa hivyo hivyo, pua juu.

Nilinyamaza. Nasema ukweli. Nilitaka avokado zake zimuaibishe barabarani, watu wakiangalia. Halafu mtoto akapanda kile kitanda akaanza kurukaruka juu ya magunia.

Nikamwambia kijana wangu ashushe vitu vyote. Akasema gari lina kipimo chake, kimeandikwa mlangoni, na hajakipita. Nikamuuliza amelipima wapi.

Tukaenda nalo mjini Kwa Vonza. Kwenye mizani ya malori ya kokoto sisi wote tulishuka, likapimwa na mzigo peke yake, na tayari lilikuwa limepita kile kipimo cha mlangoni. Basi tukashusha kila kitu sokoni, kwa mnunuzi wa ndengu mwenye mzani wa kusimama, tukapima kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyepanga upya. Vizito chini, katikati ya tairi za mbele na za nyuma. Vyepesi juu. Kulia kama kushoto. Tangi tulimwaga likabaki nusu. Magunia ya avokado yalibaki pale sokoni yote mawili, na sitasema nilihuzunika.

"Umenipakia kama punda, mkwe," yule wa Mbooni akasema.

"Punda wangu hubeba vitu vya maana," nikamjibu.

Watu wakacheka. Pua ya gari ilikuwa imeshuka, limesimama sawa kama mtu aliyekula vizuri. Kijana wangu akapiga hesabu yake, yeye, mke na mtoto, akasema imebaki nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo asiwe mzito. Akatazama viatu vyake. Sikuwahi kumwona anaangalia viatu hivyo tangu aoe.

"Mwaitu," akaniambia, ndivyo tunavyoita mama, "pandeni mzani, wewe na yeye. Mwepesi ndiye ataenda."

Mama yangu wee, ndivyo aliniambia. Alishindwa kuchagua kati yetu, akauachia mzani uchague.

Yule alivua kofia, akavua na viatu, akapanda akicheka. Mnunuzi akasoma kilo zake kwa sauti ya soko. Kila mtu pale alijua ningemshinda. Mifupa yangu inaonekana hata kwa sweta. Mtoto alikuwa ameshika leso yangu, ananivuta kwenye mzani kama mchezo.

"Mimi sipandi mzani," nikasema. "Nichague au uniache."

Akanibembeleza. Mke wake naye akaja akanibembeleza. Nilichukua kuku wangu nikaenda kukaa kwa duka la dawa ya mifugo, na gari likaondoka na kofia dirishani, limepakiwa na mikono yangu, salama kabisa.

Kijana alinipigia simu wakiwa huko baharini Mombasa. Nilimsikia mtoto nyuma akiita susu, na najua hakuwa akiniita mimi. Kijana wangu akasema Desemba wataenda tena, na safari hii sina haja hata ya kufika sokoni, nimtajie tu kilo zangu zile wanazoniandikia kliniki, atajua mwenyewe.

Nikamwambia, "Mimi sipandi mzani. Nichague au uniache."