Nilisikia "Halas" Nikatupa Filamu za Mzee

Mimi ni mjinga, tena mjinga wa kujitakia. Nalisema mapema msije mkanionea huruma.

Nilikuwa dereva Saudia. Mwaka mmoja nilibeba mizigo ya maghala kule Al-Sulay, Riyadh, kisha kafili wangu, yaani tajiri aliyenileta, akanihamishia Jeddah niendeshe gari la nyumbani. Nilifika na maneno matatu ya Kiarabu: yalla, twende; mafi, hakuna; halas, imekwisha. Kwa hayo matatu nikajiona profesa! Wakenya wapya wakija, mimi ndiye mkalimani. Mkalimani, mimi!

Baba yake kafili alikuwa na nyumba ya zamani Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Tulitumwa kuhamisha vitu vyake, mimi na Mwanaidi, dada wa kazi kutoka Kwale. Chumba cha juu tukakuta mikebe saba ya filamu. Mzee akaipapasa mmoja mmoja, akaniambia polepole, "Filim Amrika. Mafi sauti. Amrika halas, kullu halas."

Nikatafsiri kifua mbele: sinema ya Marekani, haina sauti, imekwisha kazi. Takataka!

Mwanaidi amesoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Akanivuta kando. "Sivyo, kaka. Mzee asema huko Amerika zimekwisha zote, zimebaki hizi tu. Tuziweke mahali pazuri."

"Wacha hizo! Kiarabu chako ni cha kusalia. Huku job halas ni halas. Sinema bubu nani ataiwatch?"

Nikafungua mkebe, nikavuta utepe, nikautazama dirishani. Mama wa Kizungu amepiga magoti, mdomo wazi, anamlilia mtu mlangoni. Nikamcheka. Kisha nikazimwaga filamu zote jaani, mtaa wa Hindawiyah. Mikebe nikabaki nayo, nikatilia misumari na majani ya chai. Mtu mzima na akili zake!

Wiki iliyofuata akaja mgeni, mtaalamu wa sinema za kale. Alikuwa akiitafuta filamu ile miaka mingi. Mzee akamwambia zimo kwenye vitu vilivyohamishwa, akaenda kuzileta mwenyewe. Alirudi mikono mitupu, akaketi, akajifunika uso kwa kilemba chake. Sijawahi kuona mzee akilia vile.

Madam, mke wa kafili, akauliza nani alisafisha chumba cha juu. Mwanaidi akasema ukweli wote, kwamba dereva ndiye aliyezibeba. Madam akanigeukia. Niliogopa kurudishwa nyumbani, nikasema, "Mafi maalum." Sijui. Kumbe neno la nne nilikuwa nalo!

Nikaaminiwa mimi, Mwanaidi akafukuzwa kazi. Hakuwa amemaliza hata mwaka, na mama yake alikuwa akimtegemea yeye tu. Aliyempeleka uwanja wa ndege ni nani? Mimi huyu huyu, nimeshika usukani.

Aliposhuka na begi lake alisema, "Kiarabu nakusamehe, kaka, hukukisoma. Lakini mimi nilikwambia kwa Kiswahili."

Nyinyi mnaojifunza maneno matatu mkaanza kuwacheka wenzenu, nawajua, maana nilikuwa mkubwa wenu. Mkiambiwa ngoja, ngojeni! Na mkikosea, semeni ni mimi, kabla mwenzenu hajafunga begi.

Niko nyumbani sasa. Mkebe mmoja nilirudi nao, mke wangu anatilia sukari. Juzi aliniuliza ulikuwa wa nini.

Nikamjibu sijui.